Kasoro iliyosimama wima: mbona probu haikuiona?

SWALI: Tumeunganisha kwa leza mabamba mawili ya chuma cha kawaida, unene milimita 12, kingo zikiwa zimekatwa wima. Tukapima kwa altrasaundi kwa probu (kichwa kinachotuma na kupokea sauti) ya nyuzi 60 kutoka wima, megahezi 4, na skrini ikawa tupu. Tulipokata kipande cha majaribio tukakuta mstari mweusi wa kama milimita 3 katikati ya unene, chuma hakijashikana. Je, mashine ya kupimia ni mbovu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mashine yenu huenda ni nzima, pembe ndiyo haikufaa. Ukubwa wa kasoro si kikwazo. Katika chuma mawimbi ya mkato (yanayotikisa chuma kiupande, ndiyo ya probu yenu) hukimbia mita 3,230 kwa sekunde, hivyo kwa megahezi 4 wimbi moja lina urefu wa milimita 0.8. Milimita 3 zingeonekana, mradi sauti irudi kwenye probu.

Nyuzi 60 zimezoeleka kwa kuwa kingo za uchomeleaji wa umeme huchongwa nyuzi 30 kila upande. Sauti ikidunda chini ya bamba hukutana na kingo uso kwa uso, ikarudi ilikotoka. Kingo zenu ziko wima. Sauti iliyogonga katikati ilidunda mshazari ikaenda zake mbali na probu, na kupandisha geni (ukuzaji wa mwangwi) kungeleta makelele tu. Mshono wa leza nao mara nyingi una kiuno: mpana juu na chini, mwembamba katikati. Mwale wa leza ukikosea kiungo hata kwa nusu milimita, nyuso zote mbili hupendeza huku kiuno kimepita pembeni.

Tumieni probu mbili zinazotazamana, moja kila upande wa mshono, moja ikituma mawimbi ya mgandamizo (yanayosukuma chuma mbele na nyuma) na nyingine ikipokea. Ncha za kasoro hutawanya sauti pande zote, kwa hiyo kusimama wima hakuifichi tena. Chagueni megahezi 10, kristali ya milimita 3, nyuzi 70. Miale ikutane kwenye theluthi mbili za unene, yaani kina cha milimita 8. Basi umbali kati ya sehemu zinapotokea sauti ni 2 × 8 × 2.75 (tanjenti ya nyuzi 70), milimita 44.

Njia hii haioni vizuri karibu na nyuso, hasa wa juu, ambako wimbi linalokatiza moja kwa moja kati ya probu hufunika mwangwi. Hapo rudini na probu moja ya nyuzi 45: milimita 12 kutoka mshono kwa ufa unaofika chini, milimita 24 kwa unaofika juu. Ufa na uso wa bamba hufanya kona, na kona hurudisha sauti. Msirudie nyuzi 60. Zingegonga ukuta wima kwa nyuzi 30, na sehemu kubwa ya sauti ingegeuka mgandamizo na kupotea.

Kipande mlichokata msikitupe. Kama mstari unaendelea ndani ya sehemu iliyobaki nzima, pimeni hiyo kwanza, mrekebishe mashine mpaka muuone, ndipo muende kwenye kazi yenyewe.