Mbaya ni nani mle kwenye Peponi?

SWALI: Asalaam aleykum Mwalimu. Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Kiswahili, sasa nimebaki najiuliza mbaya ni nani? Mie nimezoea riwaya ambayo mtu mwovu unamjua toka sura ya kwanza, huyu Aziz mbona mpole hivi? Au mwandishi anatwambia binadamu sote tumeoza?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Hapo ulipokwama ndo penyewe hasa, maana Gurnah huyu wetu (kazaliwa hapahapa Unguja 1948, Nobel kapata 2021) hana desturi ya kukuletea shetani mwenye mapembe. Mtazame huyo Aziz. Tajiri, ananukia mafuta mazuri, sauti hapandishi, akija pale mji wa Kawa kwa kina Yusuf, yule mtoto mhusika mkuu, kila akiondoka anamtia mtoto hela mkononi, na mtoto anamwita ami. Basi huyohuyo ndo anamchukua Yusuf ana miaka 12, kisa babake anadaiwa, yaani kawekwa rehani kama bangili ya dhahabu na hakuna aliyemwambia, anapandishwa treni anadhani anakwenda kutembea! Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, ndo anamfungua macho, huyu si ami yako, mwite seyyid, yaani bwana.

Wengi wanamrukia Aziz tu. Lakini Aziz hakuvunja mlango wa mtu, kafungua daftari la madeni. Aliyekopa baba mtu. Na Khalil naye ni rehani vilevile, deni la babake, ila kutwa anamfunza Yusuf adabu za kumtumikia tajiri, tena bila nia mbaya hata chembe, anampenda kama mdogo wake. Mie hili linanitisha kuliko Mohammed Abdalla, mnyapara wa msafara wa biashara wa Aziz, maana yule ukimuona tu unakaa mbali.

Kuhusu kuoza sote, hapo sikubali. Mzee Hamdani mtunza bustani, mtumwa, bibi aliyemmiliki alipompa uhuru akaukataa, hoja yake nani kamwambia yule bibi kuwa uhuru ni wake hata autoe? Mtu aliyeoza hasemi hivo. Na kwenye Afterlives, riwaya yake nyingine ya 2020, kuna mwanamme anamlea binti mdogo, Afiya, akagundua mtoto anajua kuandika, akampiga fimbo mpaka mkono ukaharibika, halafu anatokea Khalifa, karani wa tajiri mmoja, mtu wa baraza na umbea wake, anamchukua anamweka kwake. Wote watu wa kawaida tu, ungewapita njiani ukawapa salamu. Gurnah hakwambii kwa nini mmoja kawa hivi na mwengine vile, na naona kafanya makusudi.

Ukipata nafasi kaitafute na riwaya yake By the Sea, mna ugomvi wa nyumba mle, Saleh Omar na kina Latif, kila mmoja kadhulumiwa kwa hesabu zake mwenyewe. Ukimaliza niandikie umempa haki nani.