Noah ya zamani na rikoli ya eabegi: anza na namba ya chasisi

Dada, salaam kutoka Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Kwa wanaoingia sasa: dada yetu wa Nkuhungu kanunua Toyota Noah ya mwaka 2004 kwa mtu binafsi. Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga mtu gari likigonga, haizimi kwenye dashibodi. Fundi kamwambia "hiyo tunaiua tu, haina shida". Jirani naye kamwambia kuna Noah ziliitwa kule Japani kwa ajili ya eabegi (ndiyo rikoli hiyo, mtengenezaji anayaita magari yenye kasoro ayarekebishe), ila gari likishavuka bahari mambo hayo hayakuhusu tena. Anauliza amsikilize nani, na Jumamosi ana safari ya Kondoa na watoto.

Usimsikilize fundi huyo. Jirani yako kapatia nusu. Kweli kuna zilizoitwa, lakini kasoro haibaki bandarini Yokohama, inapanda meli pamoja na gari. Ninayo Noah ya kizazi hichohicho, AZR60, zile za 2001 hadi 2007, naipenda na bado inanipeleka Singida na Mpwapwa bila kusumbua. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu hili ni suala la uhai wa mtu anayekaa siti ya mbele.

Kwanza uelewe tatizo lenyewe. Kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa ikiwauzia eabegi watengenezaji wengi mno: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, hata BMW. Nyuma ya ule mfuko kuna kopo la chuma lenye vidonge vya amonia nitreti. Gari likigonga, vidonge vinawashwa, vinageuka gesi, mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Makopo mengi ya Takata hayakuwekewa kitu cha kunyonya unyevu. Joto na unyevu wa miaka mingi vinavila vidonge taratibu, na siku vikiwashwa vinaungua kwa kasi ambayo kopo haliwezi kuihimili. Linapasuka, na vipande vya chuma vinatoboa mfuko na kumfuata mtu aliyeketi mbele yake. Mwaka 2014 kule Orlando, Florida, polisi walifika kwenye ajali wakamkuta dereva, mwanamke, ana majeraha shingoni. Walidhani kachomwa kisu. Kumbe ni eabegi. Malaysia na Australia nako watu wamekufa hivyohivyo, na duniani kote waliokufa wamepita 30. Baadhi yao ajali yenyewe ilikuwa ndogo tu, ya kushuka na kukagua bampa. Marekani peke yake ziliitwa eabegi zipatazo milioni 67, na Takata ikafilisika Juni 2017.

Kuna wadau hapa juu wameandika kwamba Dodoma ni kukavu kwa hiyo tuko salama. Ukavu unasaidia, sikatai. Lakini vidonge havianzi kuzeeka siku ulipoleta gari Dodoma. Muulize aliyekuuzia gari limeishi wapi. Magari mengi tunayonunua huku yameshakaa Dar au Tanga miaka kadhaa, kwenye joto na unyevu wa pwani, na kabla ya hapo yalikuwa na miaka yake Japani. Halafu fikiria gari linaloshinda juani pale Sabasaba mwezi wa kumi, vioo vimefungwa, dashibodi haishikiki.

Wajapani wenyewe walilichukulia kwa uzito. Tangu Mei 2018, gari lililo kwenye orodha yao ya eabegi za hatari zaidi halipiti ukaguzi wa lazima wa kule mpaka kazi ifanyike. Sasa jiulize, Noah ngapi ziliingia Tanzania kabla ya Mei 2018? Na hata baada ya hapo, gari ambalo ukaguzi wake umeisha linaweza kuuzwa mnadani likasafirishwa hivyohivyo.

Kwa hiyo chukua kadi ya gari, tafuta namba ya chasisi. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17 ya magari ya Marekani. Yako itaanza na AZR60 au AZR65, kistari, kisha tarakimu saba. Usiishie kwenye kadi. Ilinganishe na kibati cha chuma kilichoko kwenye gari, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kifute vumbi uisome kwa tochi. Nimeshaona kadi yenye tarakimu mbili zilizopishana, na mwenye gari alikuwa anatafuta taarifa za gari la mtu mwingine bila kujua.

Namba ukishaihakiki, ingia tovuti ya Toyota ya Japani, sehemu ya kuangalia rikoli kwa namba ya chasisi. Imeandikwa Kijapani, lakini simu yako inaweza kutafsiri ukurasa, na utaelewa vizuri tu. Usipoteze muda kwenye tovuti za Marekani, zitaikataa namba yako. Majibu yatakuambia kama gari limewahi kuitwa, kwa kitu gani, na kama kazi imefanyika au bado. Langu lilionyesha eabegi ya abiria, kazi bado. Piga picha ya skrini, itunze. Si kila Noah ya 2004 imo, na Noah mbili za mwaka mmoja zinaweza kutoa majibu tofauti, kwa hiyo mtu asikupe jibu kwa kutazama gari kwa macho.

Nikaenda kwa wakala wa Toyota. Walitaka nakala ya kadi, namba ya chasisi na ile picha ya skrini. Kipuri hakikuwepo, ilibidi kuagiza na kusubiri. Muda huo wote kwangu siti ya mbele ya abiria haikukaliwa na mtu, hata mke wangu alihamia nyuma, na watoto waliozoea kugombea mbele wakajua hakuna mjadala. Kipuri kilipofika nikapeleka gari. Fundi alitoa waya wa hasi wa betri, akangoja zaidi ya dakika moja na nusu, maana mfumo unabaki na umeme wa akiba hata betri ikishachomolewa. Kisha akafungua boksi la glavu, akachomoa soketi ya njano. Kwenye magari haya njano ndiyo rangi ya mfumo wa eabegi, ukiona waya wa njano chini ya dashibodi toa mkono. Kopo la zamani lilipotoka alinionyesha namba iliyobandikwa juu yake, akaijaza kwenye fomu, kopo likaingia kwenye sanduku na kufungwa. Haliachwi gereji. Kipuri na kazi sikudaiwa, kwa sababu gharama ya rikoli ni ya mtengenezaji. Wewe nawe waulize hilo kwa maandishi kabla ya kupeleka gari. Ukizungushwa, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye dhamana ya kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Waandikie, ambatisha picha ya skrini.

Sasa taa. Hiyo inaweza kuwa jambo jingine kabisa, na usichanganye mawili haya: gari lenye rikoli linaweza kuwa na taa nzima isiyolalamika hata kidogo, kwa sababu taa haipimi hali ya vidonge. Ukiwasha swichi, taa ya eabegi inapaswa kuwaka kwa sekunde kama sita halafu izime. Ikibaki inawaka, kompyuta imeona hitilafu kwenye mfumo, na siku ya ajali eabegi inaweza isifunguke. Jaribu honi. Kama honi nayo haifanyi kazi au inakatakata, mara nyingi ni ule utepe wa waya unaojizungusha ndani ya usukani, ambao vumbi letu na umri vinaumaliza. Huo unabadilishwa na fundi umeme anayejua kazi, baada ya kupima kwa mashine.

Taa isiyowaka kabisa ukiwasha swichi ndiyo inayonitisha zaidi. Huenda balbu imeungua, au kuna mtu kaichomoa au kaiziba kwa utepe mweusi. Wengine huweka rezista ili kompyuta idhani eabegi ipo, na hapo taa inawaka na kuzima kama kawaida. Nimeliona gari ambalo kifuniko cha usukani kilikuwa kizuri, nembo inang'aa, na nyuma yake hamna kitu. Mama aliyekuwa analiendesha alikuwa anaamini ana eabegi. Hicho ndicho fundi wako anachotaka kukufanyia anaposema "tunaiua".

Na tafadhali usikubali kununuliwa eabegi ya mtumba kutoka gari lililokatwa. Inaweza kuwa na kopo lilelile la Takata, limezeeka vilevile, na safari hii halitaonekana popote ukiangalia chasisi yako.

Kuna rikoli nyingine za magari ya Kijapani ambazo watu hawazisikii kwa sababu ya kelele za eabegi. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani kwa swichi ya kupandisha na kushusha vioo iliyo upande wa dereva. Ilikuwa inakuwa nzito, watu wakipuliza mafuta ya kulainisha ya dukani, swichi ikawa inaweza kuyeyuka na kutoa moshi. Huku kwetu kupuliza ndiyo dawa ya kwanza ya kila swichi yenye vumbi, kwa hiyo mwenye Vitz na ndugu zake aangalie. Mwezi uliofuata yaliitwa mengine zaidi ya milioni 2.7, mengi kwa shafti ya usukani kulika meno. Ukisikia mlio wa kugonga unapokata kona hadi mwisho ukiwa mwendo wa pole, usingoje. Na anayedhani gari kuukuu haliitwi, mwaka 2010 Ford iliita Windstar za 1998 hadi 2003 kwa sababu ekseli ya nyuma ilikuwa inaliwa na chumvi ya barabara za theluji hadi kukatika. Japani nako wanamwaga chumvi mikoa ya baridi kama Hokkaido, kwa hiyo gari likiwa limetoka huko, lipandishe juu utazame chini kabla ya kulipa.

Wenzangu mnaofanya michomoko, yaani kubeba abiria kwa gari binafsi, najua biashara ni ngumu na mbele mnapakia wawili. Nawaomba, angalieni chasisi wiki hii. Abiria anayelipa nauli hana namna ya kujua amekaa mbele ya nini.

Dada, kuhusu Jumamosi. Angalia namba leo usiku, ni kazi ya muda mfupi. Majibu yakionyesha eabegi ya dereva, gari liegeshe, pandeni basi. Yakionyesha ya abiria peke yake, na breki na matairi ni mazima, unaweza kwenda Kondoa, ila siti ya mbele kushoto iende tupu, hata mtu mzima asikae. Watoto wote nyuma na mikanda, na mdogo asipakatwe mbele hata kama hakuna rikoli yoyote, maana hata eabegi nzima inaweza kumuua mtoto aliyepakatwa. Ukikuta mikanda ya nyuma imesukumwa chini ya siti, kama Noah nyingi za mtumba, itoe na ujaribu kila mmoja unashika kabla ya kuondoka. Halafu tuma hapa majibu ya tovuti, ziba tarakimu za mwisho za chasisi, nitakusaidia kuyasoma.