Jibu: Zege la nakshi mbele ya nyumba, nianzie wapi?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, mbele ya nyumba unataka zege la nakshi, yaani zege linalogongwa chapa likiwa bichi ili lifanane na mawe. Rangi na mchoro wa mawe umeshachagua, ila wewe na fundi hamkubaliani unene wala pa kuanzia.

Rangi weka kando. Kwanza tazama maji yanaelekea wapi mvua ikinyesha. Uso wa zege ushuke kutoka ukutani kama sentimita 2 kwa kila mita. Nakshi ina mabonde yake, ukiilaza sawa utafuga madimbwi. Kisha shindilia udongo na kokoto vizuri. Hapo ndipo mafundi wengi huiba kazi, maana hapaonekani. Pa kutembea tu, sentimita 10 zinatosha. Pa gari, nenda 12 hadi 15 na uweke wavu wa chuma au nondo.

Nyufa zitakuja tu, kwa hiyo zipangie pa kupita. Kwa unene wa 10, kata mistari kila mita 2.5 hadi 3, kina robo ya unene, ukiifuatisha na mchoro isikatize jiwe katikati.

Kugonga chapa ni mbio. Muulize fundi ana vibao vingapi vya kugongea mchoro na wasaidizi wangapi; akiwa na kimoja, zege litamgandia. Eneo kubwa limwagwe kwa mafungu. Na kabla ya yote, hata kabla hajadai pesa, akufanyie kipande cha mfano kwa rangi ileile, ukione kikiwa kimekauka.

Dawa ya kung'arisha isubiri zege likomae, kwa kawaida siku 28.

Gari litapita hapo au miguu tu?