Maswali ya Wasomaji: Bili Imepanda Tena na Hatuna pa Kuhamia

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni bei ya umeme na maji inapopandishwa na kampuni ya watu binafsi ambayo haina mshindani. Tumechagua nne na kuzifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, kampuni inayotuuzia umeme imepandisha bei kwa mara ya tatu ndani ya miaka minne, na wiki ileile tuliyopata taarifa hiyo ikatangaza gawio nono kwa wanahisa wake. Muuzaji wa kawaida akinipunja ninahamia kwa mwenzake, lakini hapa nitahamia wapi? Ni nani aliyeipa ruhusa ya kutufanya ng'ombe wa kukamuliwa?

JIBU: Ruhusa hiyo imetolewa na sheria, na ilitolewa kwa hoja yenye mashiko, kwa maana kusimamisha safu mbili za nguzo katika barabara moja ni kuwatoza wateja walewale mara mbili kwa kazi moja. Mwaka 1898 Samuel Insull, aliyeongoza kampuni ya umeme ya Chicago nchini Marekani, aliwashangaza wafanyabiashara wenzake alipopendekeza kwamba serikali iwasimamie na kuwapangia bei, ili nao wapate haki ya kuhudumia eneo lao peke yao. Majimbo ya Wisconsin na New York yaliunda tume za kuzisimamia kampuni hizo na kupanga bei mwaka 1907, na mengine yakafuata. Wengi wetu hudhani kwamba msimamizi wa bei alibuniwa na wananchi ili kuwabana matajiri, kumbe tajiri mmoja alikuwa ameshamwomba mapema, akijua vizuri alichokuwa anakitafuta.

Katika makubaliano hayo kampuni inalazimika kumhudumia kila mteja wa eneo lake, nayo inaruhusiwa kurudisha gharama zake halali pamoja na faida ya kiasi. Kiasi ni kipi? Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya gesi ya Hope mwaka 1944, ilisema kwamba faida ya wanahisa ilingane na ile inayopatikana katika biashara nyingine zenye hatari kama hiyo, na itoshe kuvutia mtaji. Kwa vigezo hivyo, tume za huko kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikiruhusu faida inayokaribia asilimia 10 ya mtaji wa wanahisa.

Hapa ndipo ninapokuomba uvute kiti, kwa sababu kiini cha malalamiko yako kimo katika hesabu ambayo haionekani kwenye bili. Kampuni inaponunua mafuta ya kuendeshea mitambo, kwa kawaida gharama hiyo hupelekwa kwa mteja kama ilivyo, bila faida yoyote juu yake. Inapomlipa fundi akaze nguzo iliyolegea, vilevile hurudishiwa fedha yake tu. Lakini inapong'oa nguzo hiyo na kusimamisha mpya, nguzo mpya huingia katika orodha ya mali ambazo wanahisa wana haki ya kupata faida juu yake, mwaka baada ya mwaka, hadi thamani yake iishe kwa uchakavu, jambo linaloweza kuchukua miaka 40. Tuseme mali mpya zina thamani ya milioni 100 katika fedha ya nchi yoyote, nusu ikiwa mtaji wa wanahisa na nusu mikopo. Kwa asilimia 10, wanahisa watapata milioni 5 katika mwaka wa kwanza. Tena, kwa kuwa faida hutozwa kodi na kodi hiyo huingizwa katika bei, kodi ikiwa asilimia 20 kampuni itakusanya kutoka kwenu milioni 6.25 ili ibaki na hizo 5. Riba ya mikopo na fedha za uchakavu bado hatujazigusa.

Wachumi wawili wa Marekani, Averch na Johnson, walieleza mwaka 1962 kwamba kampuni inayodhibitiwa kwa namna hii huvutwa kutumia mtaji mwingi kuliko unaohitajika. Kwa lugha ya mtaani, kampuni hainenepeshwi na umeme inaouza bali na inachojenga. Sisemi kwamba kila transfoma mpya ni hila. Nyaya huzeeka, dhoruba huangusha nguzo, na mtandao uliosahaulika huua watu. Ninachosema ni kwamba anayeamua kama nguzo ikazwe au ing'olewe ndiye anayefaidika iking'olewa, na hilo ndilo linalostahili hasira yako kabla ya gawio, maana gawio ni matokeo tu ya uamuzi uliokwisha kufanyika.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Kwa pendekezo la mchumi Stephen Littlechild la mwaka 1983, waliweka kikomo cha bei kinachopanda chini ya mfumuko wa bei, ili kampuni ijitafutie faida kwa kubana matumizi. Kwa mawazo njia hiyo ni safi, lakini kampuni za maji za England na Wales, zilizouzwa mwaka 1989 zikiwa zimefutiwa madeni, leo kwa jumla zinadaiwa zaidi ya pauni bilioni 60 baada ya miaka mingi ya kugawa gawio. Kikomo cha bei hakikuwazuia wenye hisa kukopa.

SWALI: Tulihimizwa kutumia umeme kwa uangalifu. Tukabadilisha taa na kuzima kila kisichohitajika, kisha tukaambiwa bei ya uniti inapanda kwa sababu matumizi yamepungua. Je, huku si kuadhibiwa kwa utii?

JIBU: Inauma, lakini hesabu yake ni ya kweli. Ikiwa gharama za kudumu za mtandao ni 800,000 kwa mwezi na wateja wote wanatumia uniti 1,000,000, kila uniti inabeba 0.8 ya gharama hizo. Wakishusha matumizi hadi uniti 800,000, kila uniti inabeba 1. Aliyebana zaidi ya wenzake bado atalipa pungufu kuliko ambavyo angelipa asingebana, ila mzigo humwangukia asiyeweza kubana, mathalani mpangaji ambaye hawezi kufunga paneli za sola kwenye paa lisilo lake. Jambo la kuangaliwa zaidi ni pale kampuni inapotaka ada isiyobadilika ya kila mwezi iongezwe, kwani hapo hata ukilala gizani utalipa. Mimi binafsi huipinga ada hiyo kuliko ongezeko la bei ya uniti.

SWALI: Mamlaka ya udhibiti imetangaza mkutano wa hadhara wa kupokea maoni. Wenzangu wanasema ni maigizo na kila kitu kimeshaamuliwa. Niende? Nikienda, niseme nini?

JIBU: Nenda. Si kweli kwamba kila kitu kimeshaamuliwa, ingawa wenzako wana sababu ya kushuku. Katika jimbo la Ohio kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikiri mwaka 2021 kuhusika katika mpango wa rushwa uliozaa sheria ya mwaka 2019 ya kuokoa vinu viwili vya nyuklia kwa fedha za wateja, na Larry Householder, aliyekuwa spika wa bunge la jimbo hilo, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2023. Penye kampuni moja na ofisi moja inayopanga bei yake, kishawishi hakikosekani. Hata hivyo, mara nyingi wadhibiti huidhinisha pungufu ya kilichoombwa, nazo kampuni, kwa kulijua hilo, huomba zaidi. Pengo hilo la katikati ndilo mnalogombania.

Kuhusu la kusema, wengi husimama, wakaeleza kwamba maisha ni magumu, wakapigiwa makofi na kuketi. Maneno hayo ni ya kweli na yanapaswa kuingia kwenye kumbukumbu, lakini mdhibiti hawezi kuyaandikia hukumu. Omba mapema nakala ya maombi ya kampuni, ambayo aghalabu ni waraka wa wazi, kisha ukitafute kiwango cha faida inachotaka wanahisa wapewe na uulize kwa nini kiwe kikubwa hivyo kwa biashara isiyo na mshindani na ambayo wateja wake hawana pa kukimbilia. Uliza ni mali zipi kati ya zilizoorodheshwa zinafanya kazi leo na zipi bado ni michoro, kwani kuna nchi ambazo mteja halazimiki kulipia mtambo ambao haujaanza kumhudumia. Uliza kama matangazo ya kujisifu na bonasi za wakurugenzi zimo katika gharama mnazobebeshwa. Uliza pia kama makadirio ya gharama yametokana na mwaka uliopita, ambao vitabu vyake vinakaguliwa, au na mwaka ujao, ambao kampuni imeukadiria yenyewe.

Msiende kila mtu na lake. Watano wakigawana maswali hayo na kuyawasilisha kwa maandishi, watapata majibu ya maandishi.

SWALI: Kwa nini umma usiinunue kampuni hii, tukaachana na wanahisa kabisa?

JIBU: Inawezekana, na kuna mahali imefanyika. Huko Marekani, jimbo zima la Nebraska huhudumiwa na mashirika ya umma na ya ushirika, na mji wa Winter Park katika jimbo la Florida ulinunua mtandao wake wa umeme mwaka 2005. Lakini mji wa Boulder, Colorado, ulihangaika kwa takriban miaka 10 mahakamani na mezani, kisha wapiga kura wakakubali mwaka 2020 kurudi kwenye mkataba na kampuni ileile. Katika jimbo la Maine, mwaka 2023, wapiga kura takriban 7 kati ya 10 walilikataa pendekezo la kununua kampuni mbili za umeme, baada ya kampeni ambayo kampuni hizo ziliigharimia kwa mamilioni ya dola. Kinachokwamisha mara nyingi ni bei ya kununulia, kwani mwenye mali hudai thamani iliyo juu ya ile ya vitabuni, na deni la ununuzi hurudi kwenye bili zilezile.

Jiji la Paris liliupita mtego huo kwa kusubiri. Halikuzinunua kampuni mbili zilizokuwa zikisambaza maji, bali liliacha mikataba yao ifike mwisho, likaichukua huduma mwaka 2010, na mwaka uliofuata likashusha bei kwa asilimia 8. Kwa hiyo kabla hamjaanza kukusanya saini, tafuteni mkataba au leseni ya kampuni yenu, mwone unakwisha tarehe gani, na taarifa ya kutouongeza muda inapaswa kutolewa miezi mingapi kabla ya tarehe hiyo.