Je, Johnny Cash Aliwahi Kuwa Mfungwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yangu, ambaye ni mpenzi mkubwa wa muziki wa kantri, husema kwamba Johnny Cash wa Marekani alifungwa miaka mingi, akaokoka, akamwoa June Carter, na tangu siku hiyo hakugusa tena dawa za kulevya. Je, ni kweli? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, mpe mzee salamu zetu, lakini Cash hakuwahi kutumikia kifungo gerezani. Alilala seli za polisi mara kadhaa, na kisa kilichovuma zaidi ni cha Oktoba 1965, alipokamatwa El Paso, Texas, akitokea Mexico na mamia ya vidonge alivyovificha ndani ya kasha la gitaa. Adhabu yake ikawa faini na kifungo kilichoahirishwa. Huenda wengi humdhania mfungwa kwa sababu aliwaimbia wafungwa kwa uchungu wa mtu wa ndani, hasa katika gereza la Folsom, California, tarehe 13 Januari 1968. Mwaka 1972 alifika hata mbele ya kamati ya Seneti kuwatetea.

Vidonge alianza kuvimeza mwishoni mwa miaka ya 1950 ili asisinzie katika safari ndefu za maonyesho. Alikuwa pia na jeraha la zamani: mwaka 1944, yeye akiwa na umri wa miaka 12, kaka yake Jack, aliyempenda mno, alikatwa na msumeno wa mashine akafa.

Alimwoa June Machi 1968, na ni kweli kwamba mama huyo alimsimamia kwa uvumilivu mkubwa. Hata hivyo, maneno “tangu siku hiyo” ndiyo ninayoyakataa kabisa, kwa kuwa Cash alirudia vidonge miaka ya 1970 ikielekea mwisho, na mwaka 1983 akalazimika kuingia kituo cha tiba ya uraibu cha Betty Ford huko California. Familia yenye kijana aliyeacha kisha akarudia inastahili kuisikia habari hii yote, isije ikadhani kwamba kwao pekee ndiko toba ilikoshindwa.

Mwaka 1994, wakati wengi walikwisha kumsahau, alitoa albamu ya sauti yake na gitaa tu, akiongozwa na mtayarishaji Rick Rubin, nayo ikapata tuzo ya Grammy. June alifariki Mei 2003. Cash, akiwa mgonjwa na macho yamefifia, aliendelea kurekodi hadi wiki chache kabla ya kumfuata, tarehe 12 Septemba mwaka huohuo.