Drya ya nguo: niliyojifunza masika nikimuuguza mama mkwe

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu Machi 2023 baada ya kupata kiharusi. Tunaishi Kinondoni, ghorofa ya tatu, na aliyewahi kuuguza mtu wa kitandani anajua mashuka yanavyokwenda, yaani kuna siku matatu kuna siku matano, hapo hujagusa sare za watoto wala taulo. Na Machi hiyohiyo masika ikaanza. Kamba zetu ziko juu kabisa kwenye paa, unaanika saa 2 asubuhi, saa 4 mvua hiyo, unakimbia kuanua, unashuka nazo mbichi unazitandaza kwenye viti na milango na kwenye kitanda cha watoto, kesho yake zinanuka uvundo na siku ya tatu zile nyeupe zimeshaota kawa. Sasa mgonjwa humlazi kwenye shuka lenye unyevu, ngozi yake inalainika, inachubuka, na vidonda vya mgongoni vinaanzia hapohapo. Ndo nikaingia mjini kutafuta drya, yaani mashine ya kukaushia nguo kwa hewa ya moto.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyohiyo. Dukani nikamwambia muuzaji nataka mashine inayokausha, akanionesha ile ya matangi mawili, akasema hii dada inafua na kukausha, nikalipa, nikapandisha ngazi na wabebaji wawili. Jamani ile haikaushi. Inakamua. Lile tangi la pili linazungusha nguo kwa kasi maji yanatoka, unazitoa hazidondoki tena lakini bado mbichi, na huku kwetu watu wengi wanaliita hilo tangi "drya" kwa hiyo muuzaji pengine hata hakunidanganya, ndivyo anavyoita yeye. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize kama inakausha, uliza kama inatoa hewa ya moto. Ukiambiwa haitoi, basi ni ya kukamua.

Ila mashine ile sikuirudisha na leo nashukuru, kwa sababu kukamua ndo nusu ya kazi na watu hawalijui hili. Chukua nguo za pamba ambazo zikiwa kavu zina kilo 5. Ukizikamua kwa mkono zinaweza kubaki na maji lita 5 na zaidi. Mashine ya mizunguko 1,000 kwa dakika inaziacha na kama lita 3, ya mizunguko 1,400 inaziacha na kama lita 2 na nusu. Hayo maji yaliyobaki ndo drya inayapika mpaka yaishe, na kila lita unailipia kwenye luku, wakati kuyakamua kunatumia umeme mdogo sana. Kama bado hujanunua mashine ya kufulia na unajua una mpango wa drya baadaye, angalia kwanza hiyo mizunguko, itakulipa kwa miaka.

Drya yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa mtumba kutoka Uingereza, ya bomba, niliuziwa na mtu anayehama. Hizi za bomba ni rahisi kuzielewa, zinavuta hewa ya chumbani, zinaipasha kwa hita, inapita kwenye nguo, alafu ile hewa ya moto yenye mvuke inatolewa nje kwa bomba nene la upana wa kama sentimita 10. Ni imara, hazina mambo mengi, fundi yeyote wa umeme wa majumbani anaziweza. Lakini bomba lazima lifike nje! Sisi tuliiweka stoo bila bomba kwa wiki mbili tukisubiri fundi atoboe ukuta, na wiki mbili hizo zilitosha dari ya stoo kuingia ukungu na viatu vya ngozi vilivyokuwa humo vyote kuota kawa, maana maji yaliyotoka kwenye mashuka hayakwenda popote, yalihamia ukutani. Na kama umepanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa, wengine hawataki kabisa.

Kilichonishinda ni umeme. Drya ya hita ya kilo 7 au 8 inakula uniti 4 hadi 5 kwa mzigo mmoja uliojaa. Uniti kwetu inakuja kama shilingi 356 ukiweka na kodi zote, kwa hiyo mzigo mmoja unagusa shilingi 1,780, na mimi nilikuwa nawasha mara mbili kwa siku. Piga mwenyewe, ni zaidi ya laki moja kwa mwezi kwa kukausha tu, hujawasha friji, hujapiga pasi. Na wewe ambaye uko kwenye ile bei ya chini ya TANESCO, ya wanaotumia mpaka uniti 75 kwa mwezi, jua kwamba mizigo 15 ya drya ya hita inazimaliza zote, ukizidisha utahamishwa huko, na ile bei rahisi utaikosa hata kwa taa zako.

Ndo nikaanza kuuliza watu, nikasikia habari za hiti pampu, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hii ndo drya ambayo ningemshauri mtu wangu wa karibu. Umewahi kupitisha mkono nyuma ya friji ukasikia joto? Friji inatoa joto ndani inalitupa nyuma. Drya ya hiti pampu ina mtambo uleule, kompresa na gesi, ila inatumia pande zote mbili. Upande wa joto unapasha hewa, hewa inapita kwenye nguo inabeba unyevu, alafu inapita upande wa baridi, maji yanadondoka kama yale yanayotoka jasho kwenye glasi ya maji ya friji, na hewa ileile inarudi kupashwa tena. Joto halitupwi. Ndo maana mzigo uleule wa kilo 8 unakula uniti moja na nusu hadi mbili badala ya tano. Haihitaji bomba la nje, maji yanaingia kwenye tangi lake unayamwaga, au unaunganisha mpira mpaka kwenye tundu la maji machafu. Siku ambazo maji ya bomba hayatoki sisi tunayatumia chooni. Ulaya kuanzia Julai 2025 viwango vipya vimezibana zile za hita mpaka zinazoingizwa sokoni sasa ni za hiti pampu, kwa hiyo tutegemee mitumba ya hita mingi kushushwa huku, na bei itakuwa ya kuvutia, we pigia hesabu luku kabla hujavutika.

Ina ubaya wake, sitaficha. Bei ni kubwa sana ukilinganisha na ya hita. Ni ya taratibu, saa mbili na nusu mpaka tatu kwa mzigo, kwa sababu joto lake ni la chini, na hilo kwa upande mwingine linatunza nguo. Na ina gesi, nyingi za sasa zinatumia R290 ambayo inashika moto, kwa hiyo usimpe fundi wa kubahatisha aanze kuifungua, mtafute anayefanya friji na AC na umuulize kama gesi hiyo ameshaifanyia kazi. Alafu usiifungie stoo ndogo isiyo na dirisha. Nyingi zimetengenezwa kwa vyumba visivyozidi nyuzi 35, na stoo ya Dar mwezi wa pili mlango umefungwa inafika huko bila shida.

Katikati ya hizo kuna ile yenye hita lakini inakusanya maji kwenye tangi, haina bomba wala hiti pampu. Umeme inakula kama ya bomba na joto lote inaliacha ndani ya nyumba yako. Kwa mtu wa Dar au Tanga sioni sababu ya kuinunua. Chunga, kwa nje inafanana kabisa na ya hiti pampu kwa sababu zote zina tangi, hapa ndo watu wanauziwa isiyo yao. Geuza uangalie lebo ya nyuma, ikiwa imeandikwa wati 2,000 na kuendelea hiyo ni ya hita, ya hiti pampu nyingi hazifiki hata 1,000.

Na ile moja inayofua na kukausha humohumo? Kwa chumba kimoja na mtu mmoja sawa. Soma namba mbili kwenye boksi, kwa mfano 8 na 5, maana yake inafua kilo 8 lakini inakausha 5 tu, lazima utoe nguo katikati, na nyingi zinatumia maji ya bomba kupoza mvuke, yaani unakausha kwa maji, mtaa wenye mgao wa maji ufikirie. Kwangu tatizo lilikuwa kubwa kuliko hilo, ikiwa inakausha shuka la kwanza haiwezi kufua la pili, na mgonjwa hasubiri.

Umeme wa ukutani nao usiupuuze. Wati 2,500 kwenye volti 230 ni karibu ampea 11, hiyo ni soketi ya ampea 13 imebeba mzigo wake karibu wote kwa saa nzima au zaidi. Ekstensheni za kawaida zinayeyuka, yetu iliyeyuka, dada wa kazi ndo alisikia harufu akawahi kuzima, namshukuru mpaka leo. Chomeka moja kwa moja ukutani, na kama nyumba ni ya zamani fundi avute waya mpya kutoka kwenye meni swichi. Gadi ndogo ya friji, kile kifaa cha kuilinda na umeme unaoyumba, haifai kwa drya ya hita, tafuta ya ampea 13 au zaidi, na kwa hiti pampu gadi ni ya lazima kwa sababu kompresa haipendi umeme unaokatika na kurudi palepale. Ndugu akikutumia drya kutoka Marekani mwambie asante lakini hapana. Za kule ni za volti 120 au 240 na umeme wa hezi 60 (hezi ni mara ambazo umeme unageuka kwa sekunde), huku kwetu ni 50, transfoma inabadilisha volti tu, hezi inabaki ilivyo na mota inateseka. Za Uingereza zinaingia bila shida, mpaka plagi ni ileile.

Ukubwa: kilo 7 inatosha familia nyingi, ila ukiwa na mablanketi au mashuka mengi chukua 8 au 9, nguo zinahitaji nafasi ya kurukaruka humo ndani, drya iliyoshindiliwa inakula umeme na inatoa mashuka yamejikunja katikati yana unyevu. Na iwe na sensa inayosikia unyevu ikajizima yenyewe. Ile ya taima tu unabahatisha, ukizidisha dakika 40 umeunguza pesa na kitambaa.

Sasa moto. Chujio la manyoya lisafishwe kila mzigo, kila mzigo nasema, sio kila wiki. Yale manyoya yanawaka kama pamba kavu. Agosti 2016 jengo la ghorofa 18 Shepherd's Bush, London, lilishika moto na chanzo kilikuwa drya kwenye nyumba moja. Mi siiwashi tukiwa tunalala wala tukitoka. Na vitambaa vyenye mafuta ya kupikia, au kanga iliyolowa mafuta ya nazi ya kumchulia mgonjwa, usiviweke humo hata kama vimefuliwa, mafuta hayatoki yote, na nguo ya moto yenye mafuta ikikaa imerundikwa inaweza kujiwasha yenyewe. Zile za kumchulia mama tunazifua kwa maji ya moto na zinakwenda kambani tu.

Kwenye kamba za chini au ukianika kwenye majani kuna yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi alafu funza wanaingia kwenye ngozi ya mtoto, bibi zetu wanatuambia tupige pasi pande zote kwa sababu hiyo. Nguo iliyokauka ndani ya drya haikutani na nzi huyo kabisa, kwa nepi za kitambaa hiyo ni nafuu kubwa. Masweta ya shule usiyaweke, hariri usiweke, baibui weka kwa joto la chini kabisa au anika kivulini.

Uko Dodoma au Singida? Kwa kweli sikushauri ununue, jua lako linakausha shuka kabla hujamaliza kupika. Weka hela yako kwenye mashine inayokamua vizuri. Hata sisi Dar drya inafanya kazi Machi mpaka Mei na siku ambazo hali ya mama si nzuri, miezi mingine kamba ipo. Mama mwenyewe sasa anakaa, anaongea pole pole, na mashuka yoyote nimtandikie hana neno, lakini kanga zake mbili za kisutu amekataa zisiingie mashineni, anataka zikauke juani, kwa hiyo hata mvua ikinyesha siku nne mfululizo zile zinasubiri kwenye beseni lake mpaka jua litoke.