Nina mimba na nina pumu, niache kuvuta dawa?

SWALI: Shikamoo mkunga. Nina miaka 27 na mimba yangu ya kwanza, wiki ya 22. Pumu ninayo tangu utotoni. Nina inhela mbili: ya kahawia ya asubuhi na jioni, na ya bluu ya kifua kikibana. Mama mkwe aliniambia dawa zitamdhuru mtoto, nikaacha ile ya kahawia. Sasa usiku nashtuka nakohoa, kifua kinalia kama filimbi, na ya bluu naivuta karibu kila siku. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rudia ile ya kahawia leo, kwa kipimo kile kile ulichoandikiwa, na wiki hii hii uonane na daktari. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Mama mkwe wako anakupenda, na hofu yake naisikia kwa wajawazito wengi. Lakini mtoto aliye tumboni hana hewa nyingine ila ile inayopita kwenye damu yako. Wewe ukikosa pumzi, naye anapungukiwa oksijeni. Pumu iliyoachwa ndiyo inayoongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na ya mama kupandwa na shinikizo la damu. Dawa ya kuvuta inaishia zaidi kwenye mapafu, kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, na wajawazito wameitumia kwa miaka mingi. Hata daktari akikuandikia vidonge vya prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa) kwa siku chache, vimeze.

Ya bluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu. Ya kahawia ndiyo inayotuliza uvimbe ndani, na ukiiacha, uvimbe unarudi. Kuamka usiku na kuivuta ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki ni dalili kwamba pumu imekushinda nguvu. Nawe unaingia kipindi kigumu, maana pumu ya mimba hupenda kuchachamaa kati ya wiki ya 24 na ya 36.

Kuhema ukipanda ngazi ni jambo jingine. Homoni za mimba huwafanya wajawazito wengi wahisi hewa haitoshi. Hiyo haina kikohozi wala mlio.

Ukienda, chukua inhela zako uvute mbele ya mhudumu. Mimi huwaomba mama zangu wanionyeshe, na wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, dawa ikabaki kooni. Itikise, toa pumzi yote, anza kuvuta polepole huku unabonyeza, kisha zuia pumzi sekunde 10. Baada ya ile ya kahawia, sukutua mdomo uteme, usije ukaota utando mweupe.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikabadilika rangi, au nafuu ya ile ya bluu isidumu saa 4, nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, huku ukiendelea kuivuta njiani. Mtoto akipunguza kucheza, nenda vilevile.

Siku ya uchungu nenda na inhela zote mbili, na uwaambie wakunga mapema kwamba una pumu, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzuia damu baada ya kujifungua hubana kifua. Ukishajifungua, endelea kuvuta na kunyonyesha kama kawaida.